UKUMBI WA JAMAA: Kijana wa Rusizi I na bendi ya jazi ya chuoni



Kila mwaka, vijana wanapomaliza mwaka wa tatu wa sekondari na kutakiwa kuchagua njia ya masomo, swali moja hurudi katika nyumba za askari na polisi wa hapa Rusizi I. Huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu. Mtoto amesema hataki uhasibu, wala useremala, wala ualimu. Anataka kwenda chuo cha muziki akapige gitaa, au dramu, au saksafoni, pamoja na wenzake katika bendi ya chuo. Baba, ambaye ametoka zamu mpakani na hajavua hata viatu, hujibu kwa neno moja: uhuni. Mama hunyamaza, maana amemsikia mtoto huyo akijifunza nyuma ya nyumba na anajua kwamba ana kipaji. Lakini anajua pia kwamba vilabu vya pombe vimewameza vijana wengi waliokuwa na kipaji kama hicho.

Leo tunataka kuwaeleza wazazi bendi ya chuo ni kitu gani hasa, mwanafunzi hufanya nini ndani yake, na ni mambo gani ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Neno letu kwao ni hili: mzazi asikatae jambo asilolijua, wala asikubali jambo asilolichunguza.

JINA LINALOTISHA

Tuanze na jina lenyewe, kwa kuwa mara nyingi neno jazi ndilo linalowatia wazee hofu. Katika nchi zetu neno hilo lilipofika lilivikwa nguo nyingine. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Mjini Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na O.K. Jazz ya Franco ikazaliwa mwaka 1956. Tanganyika ikapata Western Jazz mwaka 1959, kisha NUTA Jazz mwaka 1964. Bendi hizo zote zilipiga rumba, cha-cha-cha na dansi za kwetu. Kwa mzee aliyekulia ukingoni mwa Ziwa Kivu, ambako kwa miaka mingi muziki wa Bukavu ulisikika hadi upande huu wa mto, jazi maana yake ilikuwa bendi ya dansi yenye magitaa, tumba na midomo ya bata, basi.

Kwa Wamarekani neno hilo lina maana finyu zaidi. Ni muziki uliokua miongoni mwa Wamarekani Weusi mjini New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, ambamo mpigaji hufuata wimbo uliokwisha kupangwa, kisha zamu yake inapofika hubuni sauti zake mwenyewe papo hapo juu ya msingi wa wimbo ule ule. Na huko nako wakuu wa vyuo waliuonea haya. Mwaka 1947, chuo cha ualimu cha mji wa Denton, Texas, ambacho leo ni University of North Texas, kilipoanza kufundisha muziki huo hadi kutoa shahada, masomo hayo yaliandikwa kwa jina la “bendi ya dansi”, maana neno jazi halikuwa na heshima ya kutosha kuingia katika vitabu vya chuo. Bendi kuu ya wanafunzi wa chuo hicho huitwa One O'Clock Lab Band, yaani bendi ya saa saba mchana. Haikupewa jina la nyota yeyote. Ilipewa jina la saa yake ya mazoezi. Mzazi anayetaka kujua bendi ya chuo inatofautianaje na bendi ya kilabu anaweza kuanzia hapo.

SARE NA TARUMBETA

Baba mwenye sare ana sababu nyingine ya kutosema haraka kwamba muziki si kazi ya watu wa nidhamu. Katika Afrika Mashariki muziki wa bendi ulipita kwanza mikononi mwa askari. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walizitazama bendi za matarumbeta za wakoloni, wakaunda ngoma ya beni, yenye vyeo vyake, sare zake na gwaride lake. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, askari na wapagazi walikuwa wameisambaza beni hata bara. Katika Vita Kuu ya Pili, King's African Rifles walikuwa na kikosi cha burudani. Ndimo alimotumikia Fundi Konde, Mkenya ambaye baadaye nyimbo zake zilipendwa Afrika Mashariki nzima.

Ethiopia jambo hilo lilikwenda mbali zaidi. Waimbaji wakubwa Tilahun Gessesse na Mahmoud Ahmed walitoka katika bendi ya kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, naye Alemayehu Eshete akatoka katika bendi ya polisi. Mwethiopia Mulatu Astatke alipelekwa Uingereza kusoma, akageukia muziki, kisha akaenda chuo cha Berklee cha mjini Boston, ambako alikuwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika. Alichojifunza katika bendi za huko alikichanganya na sauti za kwao, na muziki uliotokana na mchanganyiko huo unafahamika duniani kote kwa jina la jazi ya Ethiopia.

Tanzania nayo ilikuwa na Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, Kimbunga ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Magereza Jazz. Wapigaji wake walikuwa watumishi wenye vyeo na mishahara. Na hapa Rwanda, wimbo wa taifa unaotumika tangu tarehe 1 Januari 2002, Rwanda Nziza, ulitungiwa muziki na Jean-Bosco Hashakaimana, mwanajeshi wa bendi ya jeshi. Kila askari anayesimama wima bendera ikipanda anasimama mbele ya kazi ya askari mwenzake aliyejua noti.

KAZI INAVYOFANYIKA

Sasa tuingie katika chumba cha mazoezi. Bendi ya jazi ya chuo, ikiwa kubwa, hugawanyika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni wapulizaji: saksafoni, tarumbeta na tromboni. Sehemu ya pili ni wale wanaobeba mwendo: dramu, besi, piano na gitaa. Bendi ndogo huwa na wapigaji watano au sita tu. Ikiwa ni bendi ya rumba, magitaa hugawana kazi kwa namna ambayo kila mkazi wa Rusizi I ameisikia hata kama hajui majina yake: gitaa la solo hucheza juu, mi-solo hujaza katikati, gitaa la ridhimu hushikilia, na besi hutembea chini pamoja na dramu. Mmoja wao akinyamaza, hata msikilizaji asiyejua muziki huhisi kwamba kitu kimepungua.

Afande anayejua gwaride atafahamu sehemu kubwa ya mambo haya bila mwalimu. Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo gwaride halina. Katika gwaride watu 40 hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Katika bendi watu 10 hufanya mambo 10 tofauti kwa wakati mmoja, nao wanafungwa pamoja na hesabu peke yake.

Chukueni wimbo wa bluzi wa vipimo 12. Kila kipimo kina mapigo 4, hivyo duru moja ya wimbo ina mapigo 48. Kwanza wote hupiga wimbo wenyewe. Kisha mpiga saksafoni hupewa duru 2 za kubuni, yaani mapigo 96 ambayo ndani yake anaruhusiwa kusema alilo nalo moyoni. Wenzake hawalali wakati huo. Besi haiachi kutembea, piano inamwekea msingi, dramu inamsukuma kwa upole, naye mpiga tarumbeta anahesabu kimoyomoyo akingoja zamu yake. Saksafoni akimaliza kwenye pigo la 96, tarumbeta hupokea kama mtu anayepokewa zamu ya ulinzi kwa saa iliyoandikwa. Akipitiliza, mwenzake hana mlango wa kuingilia, msingi unayumba, na kosa la mmoja linakuwa aibu ya wote. Kwa hiyo uhuru wa kubuni una mipaka mikali, nayo lazima kijana aijue kwa moyo kabla ya kupewa uhuru wenyewe.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya bendi kukutana. Mwanafunzi hufanya mazoezi ya peke yake kila siku: ngazi za sauti, vidole, pumzi, kusoma noti. Kisha wapulizaji hukutana peke yao, na wapigaji wa mwendo peke yao. Bendi nzima hukaa pamoja mwisho, na hapo si mahali pa kujifunzia sehemu yako. Ni mahali pa kujifunza ya wenzako. Mwanafunzi asiyejua sehemu yake huwapotezea wengine wote muda, na kiongozi wa bendi hulijua hilo tangu vipimo vya kwanza.

Yapo pia mambo madogo ambayo msikilizaji hayaoni. Kiongozi anapozungumza, vyombo vyote hunyamaza. Chombo hupatanishwa sauti kabla ya saa ya kuanza. Anayepiga kwa nguvu hadi asimsikie jirani yake huyo amepiga vibaya, hata kama noti zake zote ni sahihi. Nyaya hukunjwa vizuri, vipaza sauti hurudishwa kabatini, na mpiga dramu hasaidiwi kubeba vyombo vyake kwa hisani tu. Ni kazi ya bendi. Kijana mwenye vidole vyepesi kuliko wote anaweza kuachwa nyuma siku ya onyesho kwa sababu huchelewa, na mwenye kipaji cha kadiri akachukua nafasi yake kwa sababu huwahi na husikiliza.

JAZI NA MUZIKI WA WATU

Baadhi ya wazazi huuliza: kwa nini mtoto asomeshwe muziki wa Marekani, hali harusi za Kamembe zinataka rumba, nyimbo za Kinyarwanda na nyimbo za kanisani? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba bendi nzuri ya chuo hufundisha yote mawili, na kila moja humfaa mwenzake. Jazi humfundisha kijana kujua sauti zinavyojengwa juu ya sauti nyingine na kuongeza au kupunguza bila kuharibu wimbo. Muziki wa watu humfundisha kutambua wasikilizaji wanataka nini, kupiga wimbo mmoja kwa dakika 15 bila mwendo kupungua, na kumfuata mwimbaji aliyebadili ufunguo ghafla kwa sababu sauti imemchoka.

Na jambo la tatu lisisahauliwe. Kijana wa Rwanda aliyejifunza besi na dramu tu, asijue inanga wala iningiri, ataingia katika jukwaa la dunia na mikono mitupu. Inanga, ule ubao uliochongwa wenye uzi mmoja unaopitishwa juu yake mara kadhaa, una namna yake ya kusimulia ambayo gitaa halina. Mulatu alisikilizwa kwa sababu alileta kitu cha kwao. Mcheza kwao hutunzwa.

VYUO VILIVYOPO

Kwa jamaa wa Rusizi I, chuo kilicho karibu katika mfumo wa elimu ya ufundi wa Rwanda ni kile cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2014 huko Nyundo, wilayani Rubavu, penye shule ya sanaa ya siku nyingi, na ambacho baadaye kilihamishiwa Muhanga. Tangu kilipoanza kiliongozwa na mwanamuziki Jacques Murigande, anayejulikana kwa jina la Mighty Popo, ambaye ndiye aliyeanzisha tamasha la Kigali Up mwaka 2011. Wanafunzi hawaingii kwa alama za mitihani peke yake. Hupimwa kwanza sikio, sauti na mikono. Katika miaka michache tu wahitimu wake walianza kuonekana katika bendi na studio za Kigali, wengine wakiimba, wengine wakipiga nyuma ya waimbaji, wengine wakirekodi.

Kwa wasomaji wetu wa Tanzania, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Unguja kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002, ambako taarabu na ngoma za visiwani hufundishwa pamoja na muziki wa mataifa mengine, na mwanafunzi wa udi anaweza kukaa chumba kimoja na mpiga saksafoni. Kampala kuna Kampala Music School, iliyoanzishwa mwaka 2001.

Kutoka Rusizi kwenda Muhanga si mwendo wa asubuhi moja. Basi hupita msitu wa Nyungwe, likashuka Nyamagabe, likafika Huye, ndipo Muhanga. Mzazi ahesabu nauli ya kwenda na kurudi kila likizo kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote.

MTOTO WA KIKE

Wapo wazazi ambao wangekubali kwa mtoto wa kiume lakini wanakataa kwa wa kike. Tuwakumbushe jambo moja la hapa hapa nchini. Katika desturi ya zamani ya Rwanda, kupiga ngoma kulikuwa kazi ya wanaume. Mwaka 2004, mjini Butare, ambao sasa ni Huye, msanii Odile Gakire Katese aliunda Ingoma Nshya, kikundi cha kwanza cha wanawake wapiga ngoma nchini. Wanawake wa kikundi hicho wamepiga ngoma hizo mbele ya watu wa mataifa mengi, na hakuna aliyeona desturi ikibomoka kwa sababu hiyo.

Hofu ya mzazi juu ya usiku, safari na wanaume wasio na adabu ni hofu ya kweli, na haiondoki kwa kutajiwa Ingoma Nshya. Huondolewa kwa kanuni: msichana asiende onyesho peke yake, mwalimu mmoja ajulikane kwa jina kuwa ndiye mwenye dhamana ya safari, saa ya kurudi iandikwe, na simu ya mzazi iwe kwa mwalimu, na ya mwalimu iwe kwa mzazi. Kanuni hizo zinamfaa mvulana vile vile.

MASIKIO, FEDHA NA CHOMBO

Mambo matatu husahauliwa katika nyumba nyingi, nayo ndiyo yanayoleta majuto.

La kwanza ni masikio. Askari aliyekaa kwenye uwanja wa shabaha anajua sauti kubwa hufanya nini. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanasema kwamba sauti ya desibeli 85 inaweza kuvumiliwa kwa saa 8 kwa siku; kila inapoongezeka kwa desibeli 3, muda huo hupungua nusu. Ikifika desibeli 100, ambayo dramu na vipaza sauti vya chumba kidogo huweza kuifikia bila taabu, muda salama ni dakika 15 tu. Pamba haitoshi. Vizibo vya masikio vya sponji hupatikana kwa bei ndogo, na mpiga dramu avitumie tangu siku ya kwanza, maana usikivu ukiisha kupotea kwa sababu ya kelele haurudi. Mlio unaobaki sikioni baada ya mazoezi ni onyo, wala usichukuliwe kuwa dalili ya kuzoea.

La pili ni fedha. Baadhi ya bendi za zamani tulizozitaja ziliwapa wapigaji mshahara kila mwezi, kwa sababu zilimilikiwa na jeshi, polisi au chama cha wafanyakazi. Siku hizi wanamuziki wengi wa mijini hulipwa kwa onyesho. Juma hili wanalo, juma lijalo hawana. Kwa hiyo kijana anayekwenda chuo cha muziki ajifunze pia kitu cha pembeni kinachotokana na muziki huo huo: kurekodi, kutengeneza na kuunganisha vyombo vya sauti, kufundisha watoto, kuongoza kwaya, kuandika noti kwa ajili ya wengine. Anayejua kupiga besi na pia kujua kwa nini kipaza sauti kinavuma hulala njaa mara chache kuliko anayejua besi peke yake. Tena ajifunze kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi, na asipande jukwaani kwa ahadi ya mdomo.

La tatu ni chombo. Kwa miaka mitatu kijana atapiga gitaa la chuo, dramu ya chuo, piano ya chuo. Siku ya kuhitimu atakabidhiwa cheti, na gitaa litabaki ukutani. Wapigaji wengi wa bendi za mashirika walikutwa na jambo hilo hilo: vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, hivyo aliyeacha kazi aliondoka na vidole vyake tu. Familia iliyoamua kumpeleka mtoto ianze kuweka akiba ya chombo chake tangu muhula wa kwanza, hata kama ni kiasi kidogo kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Chombo kilichotumika, kikikaguliwa na mwalimu kabla ya kununuliwa, chatosha kabisa kwa kuanzia. Wa dramu anaweza kujizoeza nyumbani kwa vijiti viwili na kipande cha mpira kilichogandishwa juu ya ubao; majirani wa kambini hawatamchukia.

MASWALI YA KUULIZA

Baba na mama, msimkubalie mtoto kabla hajapata majibu ya maswali haya, na msimkatalie akiisha kuyapata.

Kwanza, cheti cha chuo hicho kinatambuliwa na nani, na kinamruhusu kuendelea na masomo gani baadaye? Kijana wa miaka 16 anaweza kubadili nia akifika 20. Mlango wa pili usifungwe.

Pili, ni saa ngapi kwa juma zimewekwa kwa bendi, na ngapi kwa hesabu, lugha na masomo mengine? Chuo kinachowapeleka wanafunzi maonyeshoni kila mwisho wa juma hakina muda wa kuwafundisha.

Tatu, wanafunzi wakipiga katika sherehe ya kulipwa, fedha hiyo huingia wapi, na nani huiandika? Jibu likiwa na mzunguko, mzazi ashike kofia yake.

Nne, ni chombo gani mtoto atajifunza, na nani atamfundisha? Waimbaji huwa wengi kupita kiasi. Wapiga besi, tromboni na dramu hutafutwa. Mtoto anayependa kuimba asizuiwe, lakini ashauriwe kuongeza chombo.

Tano, ulizeni mtoto mwenyewe: kwa muda wa miezi 3 iliyopita, amejizoeza mara ngapi bila kuamriwa? Swali hili hupima kuliko yote. Anayetaka muziki huonekana akijifunza hata pasipo chombo kizuri. Anayetaka jukwaa huzungumza juu ya nguo na picha.

Na baba akitaka kujua ukweli wa mambo, asiende siku ya onyesho, wakati taa zinawaka na watu wanapiga makofi. Aombe ruhusa kwa mkuu wa chuo aende siku ya kawaida, akae kiti cha nyuma katika chumba cha mazoezi kwa saa mbili. Atazame nani amefika kabla ya wakati. Asikilize mwalimu akisimamisha bendi kwenye kipimo kile kile mara 7, mpaka tarumbeta iingie panapotakiwa. Akiona vijana wanainua vyombo vyao mara ya 8 bila kununa, atakuwa na jambo la kumwambia mama wa nyumbani. Akiona chumba chenye kelele, mwalimu aliyechelewa na chupa chini ya kiti, atakuwa na jambo jingine la kumwambia, na hapo neno lake la kukataa litakuwa na uzito, kwa sababu amekwenda na ameona.

Juma lijalo ukumbi huu utazungumza juu ya kuhifadhi maharage yasiingiwe na wadudu wakati wa masika. Kwaherini.